Mwaka wa Kumwamkia Bibi wa Bonde

Eliya alinipigia simu Jumapili, saa ambayo najua fika ametoka kanisani na tumbo lake linangoja wali, akanipa pole. "Pole na msiba, Salehe." Nilikuwa nimeshika kopo la kumwagilia miche, nikaliweka chini. Mtu wa umri wangu akipewa pole kabla ya salamu, huanza kuwapitia watu wake kichwani, wagonjwa kwanza, wazima baadaye. "Nani?" nikauliza. Akavuta pumzi, mnafiki mkubwa yule, akanyamaza kama mzee wa kanisa anayetafuta maneno, halafu akasema, "Bonde. Wamelifunga rasmi. Hawatengenezi tena." Nilimtupia tusi ambalo sitaliandika kwa kuwa dada yangu atasoma hapa, nikakata simu. Kisha nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, katikati ya miche ya kabichi, nikagundua kwamba kweli nimefiwa kidogo.

Nieleze mapema, asiyejua asije akadhani nimenyang'anywa shamba. Bonde ni gemu, ya kuchezea kwenye televisheni. Ni ya kwanza katika mfululizo, ndio huo uliofungwa, wa gemu zilizoendelea kutoka miaka nenda miaka rudi, kila inayozaliwa ikiwa imefanana kidogo zaidi na jirani kuliko na mama yake. Jina lake la kweli sikulijua mpaka nimeota mvi. Nakala yetu ilikuwa sidii iliyonakiliwa Tanga, juu yake pamechorwa alama ya vema kwa kalamu ya wino mnene, na maandishi yote ya ndani yalikuwa ya Kijapani. Ndani yake kulikuwa na bonde. Basi tukaiita Bonde, tukaendelea na maisha.

Wiki ile ile Eliya alipanda kutoka Tanga, anakoishi siku hizi na joto lake, akaja kukaa matanga. Alikuja na mkate, na simu yenye kioo kikubwa kama sahani ya pilau, na sweta aliyoazima kwa mwanawe, inambana tumboni. Mimi sikutoka hata kumpokea stendi. Wanaonijua wanajua: anayenitaka huja. Nina nyumba, nina kitalu cha miche nyuma ya nyumba, nina kochi lililochukua umbo langu. Eliya alilikalia kochi hilo makusudi, akaniacha nihangaike na kiti cha mbao, tukaongea kutwa nzima habari za mwaka mmoja. Ukoo wangu, kuzaliwa kwangu na shule ya msingi naviacha, havina kosa lolote ila havichekeshi. Naanzia mwaka huo.

Ulikuwa mwaka baada ya kumaliza kidato cha nne. Matokeo yalibandikwa ukutani shuleni, usawa wa macho, mahali ambapo hata mbuzi akipita angeweza kuyasoma. Nilipata sifuri. Siyo sifuri ya kukaribia kitu. Sifuri iliyotulia, iliyokaa kwenye mstari wake bila wasiwasi. Nikaingia ndani, nikabaki ndani. Wenye kuijua Lushoto watanielewa. Kutoka nyumbani mpaka sokoni utakutana na wakubwa wa kutosha kukuchosha magoti, na kila mmoja lazima umwamkie, na ukishamwamkia hakuachii hivi hivi. Atakuuliza nyumbani wazima, shamba linaendeleaje, mvua huko kwenu imenyesha, na shule je? Mwenye sifuri huulizwa la shule kwanza. Kumpita mkubwa kimya hakuwezekani, habari ingefika nyumbani kabla yangu. Njia iliyobaki ni kutoonekana. Eliya, ambaye alifaulu kwa kukwaruza na alikuwa akingoja nafasi ya chuo cha ufundi, alikuja mlangoni kila siku kunikoga. "Hodi hapa! Mwali hajambo? Anatolewa lini ndani, tukodi ngoma?" Nami nilimjibu kutoka nyuma ya pazia kama mwali hasa.

Aliyenitoa ni Mama Jumaa. Nyumba yake ilitazamana na yetu, mfereji wa maji tu katikati. Alikuwa mtu wa Magoma, kule chini kwenye joto, aliolewa huku juu akiwa msichana na hakuwahi kuusamehe ukungu wetu. Mpaka uzee alivaa kanga juu ya sweta juu ya kanga. Mumewe, Mzee Mbaruku, alikuwa dereva wa lori la mboga. Aliteremsha kabichi na karoti Mombo, na wakati mwingine alizunguka mpaka Mnazi, na sifa yake milima yote hii ilikuwa moja: hakupita mtu bila kumsalimia. Alisimamisha lori kwenye kona mbaya, akatoa kichwa dirishani, akauliza hali ya mgonjwa wako, ya ng'ombe wako, akajibiwa yote, huku kabichi za watu zinanyauka nyuma. Kisha kiharusi kilimpiga. Kilichukua mkono na mguu wa kulia, kikachukua na maneno. Waliporudi kutoka hospitali, daktari alimwambia Mama Jumaa jambo moja ambalo alilirudia kwetu mara nyingi: asiachwe peke yake, maneno yanaweza kurudi yakipata sababu ya kurudi.

Mama Jumaa alikuwa akiitafuta hiyo sababu. Aliwasha redio kutwa. Akaita ndugu. Ndugu walikuja, wakatoa pole, wakakaa wakaongea wao kwa wao, bei ya viazi na nani kamwoa nani, wakanywa chai wakaondoka. "Wanaongea juu ya kichwa chake kama kabati," alisema. Hapo ndipo mwanawe Jumaa, aliyekuwa na kibanda cha gemu Tanga na kibanda kikamshinda, alipopandisha kwa basi mashine yake, televisheni na mfuko wa sidii ili mama amhifadhie. Mama Jumaa aliyatazama yale maboksi, akavuka mfereji, akanikuta jikoni kwetu namenya viazi.

"Salehe, wewe si uko tu?"

"Shikamoo, Mama Jumaa. Niko tu."

"Marahaba. Basi kama uko tu, njoo uwe tu kwangu. Na yule Mkristo wako mwenye kelele, mlete."

Akatupa masharti tukiwa tumesimama mlangoni pake tumevua viatu. Ukiingia unamwamkia Mzee, hata kama hajibu. Unakaa mahali ambapo kioo anakiona. Na unamwambia unachofanya, hatua kwa hatua. "Usinichezee kimya," alisema. "Kimya ninacho tele."

Ile sebule ningeweza kuichora hadi leo, na mimi sijui kuchora. Makochi yenye vitambaa vya kufuma, kila kitambaa kimepinda upande mmoja kwa sababu ya migongo yetu. Kalenda ya duka la mbegu. Jiko la mkaa katikati, maana kuanzia Juni baridi iliingia mpaka kwenye vikombe. Harufu ya dawa ya kuchua iliyochanganyika na tangawizi. Na pembeni mwa dirisha, kwenye kiti chenye mito, Mzee Mbaruku, koti limefungwa mpaka shingoni, macho yake makali yanafuata kila kitu. Tulimwamkia kila tulipoingia, mmoja baada ya mwingine, na shikamoo yetu ikabaki hewani. Sijui kama mgeni wa desturi hizi anaweza kuelewa jinsi hilo linavyoumiza. Shikamoo isiyoitikiwa ni kama kumpa mtu mkono akauangalia tu. Unajua hana uwezo, unajua si kiburi, bado unasimama pale hujui ukae au urudi nje ukaingie upya.

Kati ya sidii za Jumaa nyingi zilikwaruzika. Iliyokubali vizuri ilikuwa ile yenye alama ya vema. Inaanza na kijana amebeba ndoo, anaingia kwenye bonde ambalo mto wake umekauka. Hana bunduki wala upanga. Kazi yake ni kupanda kutoka nyumba hadi nyumba mpaka kwenye chemchemi, aone nani au nini kimezuia maji, na njiani afukuze nguruwe wanaovamia mashamba. Mashamba yenyewe yamekatwa kwa ngazi mlimani, ukungu unateremka, watu wanatembea wamekunja mikono kwa baridi. Eliya aliangalia akasema, "Hawa Wajapani wamefika Malindi lini?" Malindi ni kwao, Malindi yetu ya milimani, siyo ile ya baharini, na kwa kweli palifanana.

Siku ya kwanza ya Bonde, Eliya ndiye aliyeshika padi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea. Nyumba ya kwanza kabisa bondeni, nje yake ameketi bibi kizee kwenye kigoda. Eliya, mwenye haraka zake, akampita mbio. Kutoka kwenye kiti cha dirishani ikatoka sauti kama mlango mzito: "Aaa!" na kiganja cha kushoto kikapiga mkono wa kiti, pa! Tuliruka. Mama Jumaa akaja mbio kutoka jikoni na mwiko. Tukamwangalia Mzee, haonekani ana maumivu, ila ametukazia macho, mimi na Eliya na kioo. Eliya akasogeza padi, kijana akaendelea. Pa! Akamrudisha. Kimya. Akampitisha bibi tena. Pa! Ni Mama Jumaa aliyeng'amua. Aliweka mwiko begani kama jembe, akatuuliza, "Huyo mama hapo mmemwamkia?"

"Ni picha, Mama Jumaa," Eliya akasema.

"Mimi sikuuliza ni nini. Nimeuliza mmemwamkia?"

Eliya akamsogeza kijana mbele ya bibi, akabonyeza kitufe, maandishi ya Kijapani yakajaa kwenye kiboksi. Mimi, kwa kuwa masharti ni kusema tunachofanya, nikasema kwa sauti, "Shikamoo, bibi." Kiganja cha Mzee kilitulia juu ya mkono wa kiti. Tangu hapo ikawa sheria ya nyumba. Hakuna kupita mkubwa yeyote bondeni bila kumwamkia, awe yuko kwenye kigoda, shambani, au amelala mlangoni na kofia usoni. Na kwa kuwa memori ya kuhifadhia mchezo Jumaa alikuwa ameshaiuza, kila tulipowasha mashine, na kila umeme ulipokatika, na umeme wetu ulikuwa wa kukatika, tulianza upya tangu nyumba ya kwanza. Kizee kile tulikiamkia mwaka ule mara nyingi kuliko nilivyowahi kumwamkia bibi yangu mzaa mama, Mungu amrehemu.

Halafu tukaingia kwenye imani. Siku moja, baada ya kuwaamkia wote mpaka yule wa kofia, bibi wa kwanza alitupa kibuyu, na kibuyu hicho ndicho kilichofungua njia ya juu. Siku iliyofuata Eliya aliamua kufanya majaribio ya kisayansi, akawaruka wawili Mzee akiwa amesinzia. Mashine ikaganda. Sidii ilikuwa na vumbi, sasa najua. Lakini mimi nilimtazama Eliya, Eliya akanitazama, na Mkristo yule, mtoto wa mwinjilisti, akasema polepole, "Adabu ni adabu, bwana." Hatukuruka mtu tena. Vijana wengine wa jirani walipokuja kuangalia tuliwafundisha kama wenyeji wa bonde: huyu ndiye mkubwa, anza kwa huyu, yule hasikii vizuri bonyeza mara mbili.

Juzi, juu ya kochi langu, Eliya alinifungulia kwenye simu yake ukurasa wa watu waliokaa wakatafsiri maneno yote ya Bonde la kwanza. Wako watu wa namna hiyo duniani, na mimi nawaombea heri. Akanisomea habari ya kibuyu: kinatolewa baada ya kufukuza nguruwe wa shamba la tatu, basi, salamu hazihusiki. Nikasema sawa, hilo nilishalihisi. Kisha akanisomea anachosema bibi wa kigoda ukimsogelea. Alishindwa kumaliza, akanipa nisome mwenyewe. Bibi anasema, "Sogea kijana, unanikinga jua." Mwaka mzima! Sisi tunamwinamia, tunamchukua kama mama mwenye nchi anayetubariki, naye anatufukuza. Tulicheka mpaka jirani akauliza ng'ambo ya ua kama kuna heri. Tulipotulia Eliya akafuta macho akasema, "Na alikuwa na haki. Baridi yote ile."

Ila neno la kwanza la Mzee lilikuja hivi, na hili silichezei. Ilikuwa mchana wa ukungu, makande yanachemka jikoni. Mama Jumaa alipika makande kwa nazi, jambo ambalo watu wa milimani tulilisema vibaya tukiwa nje na kuliombea sahani ya pili tukiwa ndani. Eliya anachezesha, mimi nasema. Tukamfikia bibi. Nikasema, "Shikamoo, bibi." Kiboksi kikatokea, na kama kawaida hakuna sauti, maana gemu za wakati ule watu wake walikuwa mabubu. Ile shikamoo ikaning'inia sebuleni. Nadhani Mzee aliivumilia siku nyingi sana. Shikamoo yake mwenyewe aliweza kuiacha idondoke, lakini hii ya bibi wa watu, mbele ya vijana, alishindwa. Midomo yake ilipinda, shingo ikakaza, na kutoka upande ule mzima wa mdomo likatoka: "Maa… haba."

Eliya aliachia padi. Nguruwe wakaingia shambani wakala kila kitu, hakuna aliyejali. Kutoka jikoni Mama Jumaa akauliza, "Nani kaitikia?"

"Si mimi," Eliya akasema.

"Salehe?"

"Mimi ndiye niliyeamkia, Mama Jumaa."

Alitokea mlangoni, mikono imelowa. Hakumkimbilia. Alimtazama mumewe, akajifunga kanga upya kiunoni, kama mtu anayejiandaa kugombana, na sauti yake ikatetemeka na kucheka kwa pamoja. "Hivi wewe mwanamume. Miezi yote nakuamsha, nakulisha, nakuongelesha, hunijibu. Leo umemwitikia mwanamke wa kwenye televisheni! Tena amezeeka kuliko mimi!" Na Mzee akacheka. Hakikuwa kicheko kizuri, kilitoka upande mmoja na mate, lakini Mama Jumaa alikaa chini papo hapo kwenye mkeka akafunika uso kwa kanga. Makande yaliungua chini. Tuliyala hivyo hivyo, na sijala makande matamu kama yale.

Baada ya hapo maneno yalirudi moja moja, yote kupitia bondeni. Alianza na marahaba, akaitikia kwa niaba ya kila mkubwa wa gemu. Likaja "polepole", la kumwambia Eliya. Likaja "nguruwe!" kwa ukali uliotushtua. Siku moja tulipoingia na kumwamkia yeye mwenyewe, aliitikia, na Eliya aliyekuwa anavua viatu akabaki na kiatu kimoja mkononi. Mama Jumaa hakuwa na tamaa ya makuu. Alitaka amsikie mumewe akiongea na watu kama zamani, basi. Tulijua wote kwamba hicho ndicho tunachokicheza pale, hata tulipojifanya tunatafuta maji.

Na hapo ndipo Eliya alipoharibu, kwa nia njema. Alishuka Tanga kufuata habari za chuo, akarudi na sidii ya Bonde la tatu, imetoka karibuni, amenunua kwa nauli yake ya kurudia, akapanda mlima kwa kudandia lori. La pili hatukuwahi kuliona, wanasema lilikuwa zuri, bibi alikuwepo ila wamemwingiza ndani ya nyumba. La tatu lilikuwa na picha za kung'aa na muziki wa kishindo. Kijana wa ndoo amekuwa baba mwenye misuli na bunduki. Bonde limejaa moshi, nyumba zimebomoka, na kila anayetokea mbele yako anatembea ameinamia upande, na kazi yako ni kumpiga risasi. Eliya alifurahi. Mimi, niseme ukweli, nilifurahi pia, mikono ilikuwa inaniwasha siku nyingi. Mzee alitazama kwa muda. Kisha akauliza, kwa shida, neno kwa neno:

"Watu… wako wapi?"

"Si hawa hapa, Mzee. Ndio tunawapiga."

Akafikiri. "Wamekosa nini?"

Eliya alijaribu, akasema wana ugonjwa fulani, hawawezi kusema, hawasikii. Aliposema hivyo akajisikia mwenyewe, akaizima mashine. Tuliirudisha ile ya vema, lakini ile ya vema nayo ilikuwa imechoka. Ilizunguka, ikalia kama panya, ikatuonyesha kioo cheusi. Tuliipangusa kwa fulana, kwa mate, kwa dawa ya meno, tukaipindua mashine juu chini kama tulivyoelekezwa na wajuzi. Ikakataa. Mzee aligeuza uso dirishani. Siku hiyo hakuitikia mtu, na iliyofuata pia, na iliyofuata. Mama Jumaa hakutulaumu, akatuletea chai kama kawaida, lakini aliiweka chini na kusimama pale bila kuondoka, akisikiliza kimya kile alichokuwa nacho tele kikirudi ndani ya nyumba yake.

Nimewaza sana, tangu simu ya Eliya, kwa nini waliotengeneza Bonde waliliacha bonde. Eliya anasema ni biashara, watu hawakutaka kuzunguka na ndoo. Labda. La mwisho kabisa, ambalo ndilo limekufa sasa, lilikuwa la kwenye simu, na maji yenyewe unayanunua kwa vocha, ndoo ukimaliza unalipia nyingine. Nilitaka kuwakasirikia, nikashindwa. Watu nisiowajua, mbali kiasi kile, walikaa chini wakachora kizee kwenye kigoda, wakampa jua la kuota, bila kujua kwamba kuna sebule Lushoto inamhitaji. Walitupa hicho. Wangetupa hicho kimoja tu na kufunga duka, bado ningekuwa na deni la shukrani. Mzee na Mama Jumaa wote wametangulia sasa, Mzee miaka mingi baada ya mwaka ule, akiwa amegombana kwa sauti na karibu kila mtu wa mtaa kwa raha zake, na mkewe akafuata, akazikwa Magoma kwenye joto alilolipenda.

Asubuhi ninayotaka kuisimulia ilikuwa baada ya siku zile za kimya. Eliya alikuwa amekwenda kwao kuvuna viazi, nikaenda peke yangu, nikakaa kwenye nafasi yangu mbele ya televisheni isiyowashwa. Sikujua la kufanya. Basi nikaanza kusema tu, kwa mazoea, kana kwamba inacheza. Tunaingia bondeni. Ukungu mwingi leo. Tumefika nyumba ya kwanza, bibi yuko nje. "Shikamoo, bibi." Nikangoja. Hakuitikia. Nikaendelea nyumba ya pili, nyumba ya tatu, najisikia mjinga wa kiwango ambacho hata mtihani wa taifa haukunifikisha. Nilipofika kwa yule mwenye kofia, Mzee alisema kitu dirishani. Nikasogea. Alikuwa anaelekeza kidole cha kushoto kwenye kioo cha dirisha, chini njiani, ambako fundi cherehani alikuwa anafungua banda lake na watoto wa chuo cha Kurani wanapita na misahafu yao.

"Nje," akasema.

Nikamwambia kwamba Eliya hayupo, kesho tutakuwa wawili, tutambeba vizuri. "Nje," akasema tena. Mama Jumaa alikuwa ameshasimama mlangoni na fimbo na kofia. Hakuniuliza kama naweza, wala kama nataka. Alimvalisha kofia, akaupitisha ule mkono mzito juu ya shingo yangu, akatusukuma kidogo migongoni kama anavyosukumwa ng'ombe asiyetaka josho. Nilikuwa sijakanyaga njia ile mchana kweupe tangu matokeo yabandikwe.

Fundi cherehani aliacha ufunguo kwenye kufuli. Alikuwa mdogo kwa Mzee, akaamkia, na Mzee akaitikia, marahaba kamili, yenye herufi zake zote. Watoto wa chuo wakajipanga wenyewe bila kuambiwa, kila mmoja na shikamoo yake, na hakukosa hata mmoja. Mama muuza mapeasi alimsalimia kwa Kisambaa, "Onga maundo," na Mzee akamjibu kwa Kisambaa, na yule mama akaweka beseni chini akashika mdomo. Mimi nilitembea nimeinamisha kichwa chini ya kwapa la Mzee, nikiomba tuonekane kama mtu mmoja. Tukafika kwenye mashine ya kusaga, kwenye lile benchi ambalo wazee wa mtaa hulikalia wakingoja unga, na hapo mmoja wao, aliyekuwa mkubwa kuliko wote, akanitambua.

"Shikamoo, babu," nikasema.

"Marahaba. Salehe! Sisi tulidhani umesafiri. Haya, matokeo vipi?"

Ningekuwa peke yangu ningekimbia, naijua miguu yangu. Lakini uzito wote wa upande wa kulia wa Mzee Mbaruku ulikuwa juu yangu, na ningesogea angeanguka. Benchi zima lilikuwa linanitazama. Nikasema, "Nimepata sifuri, babu," kwa sauti ile ile niliyozoea kusemea gemu, yenye kusikika mpaka jikoni.

Mzee wa benchi akatikisa kichwa. "Aisee. Pole." Akafikiri kidogo. "Na huyu anaongea tangu lini?" Wakaanza wote kumuuliza Mzee, hali yake, mkono wake, lori liko wapi, na Mzee akahangaika na majibu, jasho linamtoka kwenye baridi ile, anacheka kwa upande mmoja. Kwenye habari yangu hakuna aliyerudi. Nilisimama pale nimemshikilia, nikingoja jambo baya lililokuwa lije baada ya kulisema lile neno hadharani, na halikuja. Kisha ule mkono shingoni ukanivuta mbele.

"Twende," akasema Mzee Mbaruku. "Bado nyumba nyingi."